Miji Iliyopimwa kwa Kamba: Kuta za Mfalme Edward Kaskazini ya Wales



Kila yanapofika majira ya joto na skuli zikafungwa, jamaa zetu wengi wa hapa Uingereza hukodi basi wakawapeleka watoto kutembea Wales. Aghlabu safari hizo huishia Conwy au Caernarfon. Watoto hupanda juu ya kuta, hupiga picha, hula chipsi kando ya bahari, kisha hurudi nyumbani wakisema wameona ngome. Hilo ni jambo jema. Lakini ngome ni nusu tu ya hadithi. Nusu ya pili ni mji ulio chini yake: mitaa, milango na viwanja vya nyumba. Atakayeijua nusu hii ya pili ataelewa kwa nini kuta zile zilijengwa, zilijengwa kwa ajili ya nani, na ni nani aliyeachwa nje. Kwa hiyo nimeona si vibaya, katika kitabu chetu cha mwaka huu, niandike machache juu ya miji hiyo, ili mzazi atakapoulizwa na mwanawe awe na la kujibu.

MFALME NA VITA VYAKE

Mwenye kuijenga miji hiyo ni Edward wa Kwanza, aliyetawala Uingereza toka mwaka 1272 hata alipokufa mwaka 1307. Wakati ule Wales ilikuwa na watawala wake, na aliyekuwa mkubwa wao alikuwa Llywelyn ap Gruffudd, aliyeitwa Mwana-mfalme wa Wales. Llywelyn alikataa kwenda kumpa Edward mkono wa utii, na vita vikazuka mara mbili. Vita vya kwanza vilikuwa vya miaka 1276 na 1277, na Llywelyn akanyang'anywa sehemu kubwa ya nchi yake. Vya pili vilianza mwaka 1282. Mwezi wa Desemba mwaka huo Llywelyn aliuawa, na mwaka uliofuata nduguye Dafydd alikamatwa akauawa katika mji wa Shrewsbury. Mwaka 1284 mfalme alitoa sheria huko Rhuddlan iliyoigawa nchi ile katika wilaya, kila moja na wakubwa wake.

Edward alijua kwamba kuishinda nchi ni jambo moja na kuikalia ni jambo jingine. Askari hula, huvaa, huumwa, hutaka mishahara. Ngome iliyo peke yake katikati ya watu walioshindwa ni kama jahazi lililokwama mchangani: maji yasiporudi, limekwisha. Kwa hiyo kila alipojenga ngome kubwa aliweka na mji ubavuni mwake, mji wa wafanya biashara na mafundi aliowaleta kutoka Uingereza, wapate kuilisha ngome, nayo ngome ipate kuwalinda. Tena karibu zote aliziweka palipofika maji ya bahari au ya mto mkubwa, ili hata njia za bara zikifungwa chakula kije kwa merikebu. Huko Rhuddlan mto Clwyd ulikuwa unapindapinda, naye akauchimbia njia mpya iliyonyooka, zaidi ya maili mbili, ili vyombo vifike mpaka chini ya ngome.

FUNDISHO LA UFARANSA

Haya hayakuwa mawazo mapya. Edward alikuwa pia mtawala wa Gascony, kusini-magharibi ya Ufaransa, na huko miji ya kupangwa ilikuwa imeenea. Wenyeji waliiita *bastide*. Katika karne ya 13 na nusu ya kwanza ya karne ya 14 mamia ya miji ya namna hii ilianzishwa na wafalme, masharifu wa nchi na nyumba za watawa. Mtu mwenye ardhi alitafuta pahala pa wazi, akapima mitaa iliyonyooka na inayokatana kama nyuzi za mkeka, akaacha kiwanja cha soko katikati, akagawa viwanja vya nyumba vilivyolingana, kisha akatoa hati ya kuwaita watu waje wakae. Waliokuja walipata uhuru na haki ambazo mkulima wa kawaida hakuwa nazo. Mwenye ardhi naye alipata kodi ya viwanja na ushuru wa soko.

Mfano mzuri unaobaki ni Monpazier, mji ulioanzishwa kwa jina la Edward katika miaka ya 1284 na 1285. Umbo lake ni mstatili wa mita 400 kwa 220 hivi. Katikati upo uwanja wa soko, na nyumba zinazouzunguka zina baraza zenye matao mbele yake, watu wakapita kivulini mvua ikinyesha au jua likiwaka. Baina ya nyumba na nyumba wameacha kijinjia chembamba, ambacho mtu hupita kwa shida. Kijinjia hicho kilikuwa na kazi mbili: kupitisha maji machafu, na kuzuia moto usiruke kutoka nyumba moja hadi ya pili. Kanisa halikuwekwa katikati bali pembeni ya uwanja. Katikati palikuwa pa soko.

Edward aliyaona mengi ya namna hii kwa macho yake. Mwaka 1270, akielekea vita vya msalaba, alipandia merikebu bandari ya Aigues-Mortes, mji mpya wa Mfalme Louis wa Tisa wa Ufaransa, ambao kuta zake zilianza kujengwa miaka miwili baadae. Na alipokuwa akirejea mwaka 1273 alipitia Savoy, nchi ya milimani, ambako kulikuwa na fundi mkuu aliyeitwa James wa St George. Huyo James ndiye aliyekuja kuwa msimamizi wa majengo ya mfalme huko Wales. Tunaona basi kwamba hata mfalme mkubwa hakuona haya kuchukua elimu ya watu wengine na fundi wa nchi nyingine.

Na ufundi huu hakuutumia Wales tu. Mji wa Winchelsea, kusini ya Uingereza, ulipokuwa ukiliwa na bahari, aliupimia mahali papya juu ya kilima, ukagawanywa katika mitaa mraba 39. Mwaka 1296 alipotaka kuupanga upya mji wa Berwick mpakani mwa Scotland, aliiandikia London na miji mingine imchagulie watu wenye akili, wanaojua vyema namna ya kupanga mji mpya. Kupanga mji ilikuwa ni elimu, na wenye elimu hiyo walitafutwa.

CONWY

Tuje sasa Conwy, ambako watoto wetu wengi wamefika. Kazi ilianza mwezi wa Machi 1283, na ngome pamoja na kuta za mji zilikwisha mwaka 1287. Fikirini, miaka minne na nusu tu, bila ya mashine ya umeme wala ya moshi. Ukuta wa mji una urefu wa kilomita 1.3 hivi, una minara 21 na milango mikubwa mitatu, na unazunguka ardhi ya ekari kama 22. Leo mtu anaweza kutembea juu ya sehemu kubwa ya ukuta huo.

Wanangu mkipanda tena, itazameni ile minara kwa makini. Haikujengwa ikazunguka kamili. Upande wa ndani ya mji iko wazi, kama kikombe kilichokatwa nusu. Pale njia ya juu ya ukuta inapofika kwenye mnara paliwekwa daraja la mbao lililoweza kuondolewa. Adui akipanda kipande kimoja cha ukuta na madaraja ya kushoto na kulia yakaondolewa, amejifunga mwenyewe juu ya kipande hicho, hana pa kwenda. Na kwa kuwa mnara hauna ukuta wa nyuma, hata akiuteka haumfai kupigana na walio mjini. Liko pia jambo la kuwachekesha watoto: upande wa kusini kuna safu ya vyoo 12 vya mawe vimetokeza nje ya ukuta. Vilijengwa kwa ajili ya makarani wa mfalme waliokuwa na ofisi zao hapo. Serikali, hata ya zamani, haiendi bila ya karani, na karani hana budi kwenda chooni.

Mitaa ya Conwy haikunyooka kama ya Monpazier, kwa sababu mahali penyewe hapakuwa patupu. Palikuwa na nyumba kubwa ya watawa ya Aberconwy, na ndani yake ndimo alimozikwa Llywelyn ab Iorwerth, babu yake yule Llywelyn aliyeuawa, mtawala waliyemtukuza Wawelshi kuliko wote. Edward aliwahamisha watawa wale maili kadhaa juu ya bonde, mahali panapoitwa Maenan, akaliacha kanisa lao liwe kanisa la mji mpya. Jeneza la mawe la Llywelyn leo liko katika kanisa la Llanrwst. Kujenga mji juu ya kaburi la mtawala wa walioshindwa si jambo lililotokea kwa bahati. Ilikuwa ni namna ya kusema: utawala wenu umekwisha, wetu umeanza.

CAERNARFON

Caernarfon nako kazi ilianza mwaka 1283, na nyumba za Wawelshi zilizokuwapo zilibomolewa kuupisha mji mpya. Hapa mpango wa mitaa unaonekana wazi zaidi. Barabara kuu inatoka lango la mashariki, upande wa bara, ikanyooka mpaka lango la magharibi, upande wa maji, na mitaa mingine inaikata kwa pembe sawa. Kuta zake ni fupi kuliko za Conwy, mita 734, zenye minara minane na milango miwili. Kiwanja cha nyumba kilipimwa futi 80 kwa 60, na kodi yake ilikuwa shilingi moja kwa mwaka.

Ngome yenyewe ilijengwa kwa mistari ya mawe ya rangi mbalimbali na minara yenye pembe badala ya mviringo, jambo ambalo wataalamu wengi wanaliona kuwa ni kuiga kuta za Constantinople, mji tunaouita leo Istanbul. Hapo karibu palikuwa na magofu ya kambi ya Warumi, na mfalme alitaka aonekane mrithi wa wafalme wa Rumi. Hapo pia ndipo alipozaliwa mwanawe, Edward wa Pili, mwezi wa Aprili 1284.

Lakini mwaka 1294 Wawelshi waliasi chini ya Madog ap Llywelyn. Kuta za mji zilikuwa zimekwisha, ila ngome kwa upande wa mjini ilikuwa bado haijafungwa. Waasi wakauingia mji, wakauchoma, na ngome nayo ikaangukia mikononi mwao. Edward alipourudisha mwaka 1295, kazi ya mwanzo aliyoamrisha ilikuwa kutengeneza kuta za mji, kabla hata ya kuimaliza ngome. Alikuwa amefahamu kuwa mji ukianguka, ngome haina maisha.

JASHO LA WATU NA FEDHA

Vitabu hutaja mfalme na fundi mkuu, lakini mawe hayakubebwa na mfalme. Watu walikusanywa kutoka wilaya za Uingereza, wachimba mitaro, waashi, maseremala, wahunzi. Mwaka 1277, ulipoanzishwa mji wa Flint, walikuwapo wachimba mitaro zaidi ya 2,000, na baadhi yao walisindikizwa na askari wapanda farasi wasije wakatoroka njiani. Mwaka 1296 James wa St George alipeleka hesabu kwa wakubwa wa hazina kuhusu kazi ya Beaumaris, katika kisiwa cha Anglesey: waashi 400, vibarua 2,000, wachimba mawe 200, wahunzi 30 pamoja na maseremala, mikokoteni 100, magari makubwa ya farasi 60, na mashua 30 za kuleta mawe na makaa. Alieleza pia kwamba fedha zimechelewa na watu hawana cha kula.

Conwy peke yake ilimgharimu mfalme karibu pauni 15,000, fedha nyingi mno kwa zama zile. Caernarfon ilizidi, na ujenzi wake uliendelea mpaka mwaka 1330 bila ya kumalizika kama ilivyokusudiwa. Beaumaris haikumalizika hata leo. Minara yake haikufika kimo chake. Fedha na watu vilihamishiwa kwenye vita vya Scotland.

NANI ALIRUHUSIWA KUKAA NDANI

Sasa tumefika kwenye shina la maneno. Mwaka 1284 mfalme alitoa hati za miji, na wenye viwanja wakapata haki ya kufanya biashara, kuwa na soko na baraza lao, na kuhukumiana baina yao. Huko Conwy na Caernarfon mkuu wa ngome ndiye aliyekuwa na umeya wa mji, mtu mmoja kofia mbili, kama alivyokuwa liwali wa zamani kwetu. Katika mwisho wa karne hiyo Conwy ilikuwa na viwanja karibu mia moja vilivyokaliwa.

Haki hizi walipewa Waingereza. Baada ya uasi wa 1294 amri zilikazwa: Mwelshi asikae katika miji hii ya kuta, asimiliki kiwanja ndani yake, asiingie na silaha. Tena biashara ya nchi yote ya pembeni ililazimishwa kufanywa katika masoko ya miji hiyo tu. Basi mkulima wa Kiwelshi alikuja asubuhi na ng'ombe wake na siagi yake, akalipa ushuru langoni, akauza, na jioni akatoka. Ukuta ule ulimzuia adui, ndiyo, lakini siku zote ambazo hapakuwa na adui ulifanya kazi nyingine: ulitenga watu.

Mfano mchungu kupita yote ni wa Llanfaes. Huu ulikuwa mji wa Kiwelshi katika Anglesey, bandari yenye biashara nzuri, yenye samaki na kivuko cha kwenda bara. Mfalme alipoamua kujenga Beaumaris mwaka 1295, alitaka mahali pale pale, na hakutaka soko jingine la kushindana na mji wake. Watu wa Llanfaes wakahamishwa maili kama 12, mpaka upande wa pili wa kisiwa, wakapewa mji mpya ulioitwa Newborough, na hati yao ilitoka mwaka 1303. Watu waliozoea bandari wakapewa shamba. Na haikupita hata miaka thelathini, dhoruba kubwa ikatupa mchanga wa pwani juu ya mashamba yao, ekari nyingi zikafukiwa. Wako miongoni mwa wasomaji wa kitabu hiki watakaosoma habari za Llanfaes wasihitaji kufafanuliwa zaidi.

KUTA HAZIKUTOSHA

Je, kuta zilifanya kazi iliyokusudiwa? Kwa muda, naam. Mwaka 1400 Owain Glyndŵr alipoinua bendera ya uasi, ngome hizi zilionyesha nguvu yake: Caernarfon ilihusuriwa mara mbili, na mwaka 1404 ililindwa na watu 28 tu, isianguke. Lakini Conwy ilichukuliwa siku ya Ijumaa Kuu mwaka 1401, askari wakiwa kanisani, na waliyoichukua ni kundi dogo tu la jamaa wa ukoo wa Tudur. Ukuta mzito haukufaa kitu, kwa kuwa mlinzi alighafilika.

Bunge likatoa sheria kali zaidi dhidi ya Wawelshi. Lakini sheria na maisha havikwenda njia moja. Kiwanja kilihitaji mnunuzi, msichana alihitaji mume, duka lilihitaji mshirika anayejua lugha ya wateja. Kidogo kidogo Wawelshi wakaingia. Mwaka 1485 Henry Tudor, wa ukoo ule ule wa Tudur, alikuwa mfalme wa Uingereza. Sheria ya mwaka 1536 iliwaweka Wawelshi katika sheria moja na Waingereza, ingawa iliifanya lugha ya Kiingereza kuwa ndiyo ya mahakama. Na mwaka 1624 zile sheria za kuwabagua zikafutwa.

Leo mwenye kusimama barabara kuu ya Caernarfon, baina ya lango na lango, atawasikia wenye maduka, akina mama na watoto wa skuli wakisema Kiwelshi. Mji uliojengwa ili Mwelshi asilale ndani yake umekuwa miongoni mwa miji inayozungumza Kiwelshi kuliko yote. Haukutekwa kwa silaha. Lugha iliingia kwa ndoa na kwa biashara, ikasaidiwa na Biblia iliyotafsiriwa kwa Kiwelshi mwaka 1588, na zaidi ya yote ikasemwa majumbani. Serikali imekuja nyuma kabisa: sheria za miaka 1967, 1993 na 2011 ndizo zilizoirejeshea lugha hiyo cheo chake.

Miji yetu ya pwani haikupimwa kwa kamba namna hii. Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja ilikua nyumba kwa nyumba, kila ukoo ukijenga karibu na jamaa zake na msikiti wake, na vichochoro vikafuata nyumba. Si kwamba sisi hatukujua mawe: miaka ile ile Caernarfon ilipokuwa ikijengwa bado, Sultani al-Hasan bin Sulaiman alikuwa na jumba lake la Husuni Kubwa huko Kilwa, na Gedi nayo baadaye ilizungushiwa kuta zake. Tofauti ni kuwa mji uliopimwa kwa kamba humwambia mtu mara moja ni nani aliyekuwa na amri, na mji uliokua wenyewe humwambia ni nani walikuwa jirani.

Kuta za Edward ziliandikwa mwaka 1986 katika orodha ya urithi wa dunia, na watu huja kutoka kila nchi kuzitazama. Nasi twende tukazitazame, maana ni kazi ya mikono isiyo na mfano. Lakini wazazi wenzangu, mkiwa juu ya ukuta wa Conwy au Caernarfon, waambieni watoto wategee sikio kidogo yanayosemwa chini mitaani. Kisha katika basi, mkirejea, semeni nao kwa Kiswahili.